Uliza Fundi Kochi: Ngozi ni ngozi, sawa, ila tabaka lipi?

Toleo lililopita tuliongelea sponji, nikachomekea sentensi moja tu kwamba kile kibandiko cha "genuine leather" (ngozi halisi) kwenye makochi ya dukani hakina uzito ambao watu wanaupa, basi meseji zimekuja mpaka simu inapata moto. Nimechagua saba. Na nyie mnaonitumia picha ya kochi lenye nguo za kukunja juu yake alafu mnauliza kulivalisha upya itakuwa shingapi, jamani, toeni nguo kwanza.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nilinunua seti ya sofa miaka mitatu iliyopita, muuzaji akaniapia ni jenuini leza gredi wani, na kibandiko kipo mpaka leo. Sasa hivi pale pa kuegemea kichwa na pale tunapokalia panabanduka vimaganda vyeusi, mgeni akinyanyuka anaondoka navyo kwenye suruali. Nimerudi dukani wananiambia ngozi inataka mafuta, eti kosa langu sikuipaka. Nimeibiwa au kweli ni mimi? – Mama wa watatu, Kimara, Dar es Salaam

JIBU: Mama pole sana, kosa sio lako na mafuta yasingesaidia chochote. Ngozi ya ng'ombe inachubuka, inapauka, ikikauka sana inapasuka nyufa, inaota ukungu, paka anaichana, lakini kubanduka maganda hapana. Kinachobanduka siku zote ni plastiki iliyolazwa juu ya kitu kingine, kwahiyo kazi ni kujua hicho kitu kingine ni nini.

Chungulia pale palipobanduka, washa tochi ya simu. Ukiona kitambaa cha kufumwa kama fulana, safi, hakina kitu kingine, hiyo ni leza ya PU (plastiki ya poliyurethane), ngozi hamna hata punje. Ukiona kitambaa alafu juu yake kuna utando wa kijivu au kahawia, ukiukwaruza na kucha unasagika kama kadibodi iliyoloa maji, hiyo ni bondedi. Na ukiona nyuzinyuzi zenye manyoya kama swedi, zimejisokota huku na huku hazina mstari, basi ni ngozi kweli ila ni spliti iliyovalishwa plastiki. Kwa jinsi ulivyoeleza, na kwa miaka mitatu, mi naweka pesa yangu kwenye bondedi.

Ngoja nieleze hapa mara moja ili huko mbele nisirudie. Ngozi ya ng'ombe mbichi ni nene, wengine inakaribia unene wa kandambili, na kochi linataka milimita moja na kidogo tu. Kiwandani inapitishwa kwenye mashine yenye kisu kirefu cha mkanda kinachozunguka, inapasuliwa ubapa kama unavyopasua skonzi ili upake siagi. Kipande cha juu ndo chenye tundu za vinyweleo na nyuzi zilizoshikana kweli kweli, huko ndo nguvu yote ipo. Kipande cha juu kikiachwa na sura yake, na makovu yake ya miba na kupe, wanakiita fulu greini. Kikipigwa msasa kufuta makovu alafu kikapigwa nakshi ya vinyweleo vya mashine na kupakwa rangi, hiyo sokoni inaitwa topu greini, wengine wanasema korektedi. Kipande cha chini ni spliti, nyuzi zake ni za kulegea, ndo inatoka swedi, na ikibandikwa karatasi la plastiki juu inaitwa bikasti, inang'aa kama kiatu cha harusi. Alafu kuna mabaki, yale mavipande na vumbi la kiwandani, yanasagwa, yanachanganywa na gundi ya plastiki, yanasambazwa juu ya kitambaa, yanapakwa PU, yanapigwa nakshi, hiyo ndo bondedi. Ukisema bondedi ni ngozi, sawa, na juisi ya unga nayo ni embe.

Sasa kwanini kwako imeanza kichwani na makalioni? PU nyingi za bei ya chini zikikutana na joto na unyevu zinavunjika zenyewe taratibu, maji yaliyo kwenye hewa yanakata minyororo ya hiyo plastiki, na hewa ya Dar unaijua. Ongeza jasho, ongeza mafuta ya nywele pale pa kuegemea, mchezo umekwisha. Hata ungelifunga nailoni usilikalie lingebanduka, labda ungechelewesha tu.

Sikucheki, maana hili lilinikuta mimi mwenyewe na ufundi wangu. Miaka ya nyuma nilipata kazi ya ofisi moja, wakataka ngozi tupu, nikaenda dukani mjini nikapewa rola zuri, linanukia ngozi hasa, nyuma lina manyoya kidogo, nikakata mita 24 nikashona viti vyote. Mwaka wa pili nikaitwa nikaoneshwa. Nilirudia kazi nzima kwa hela yangu mfukoni. Na jibu lilikuwa mikononi mwangu siku ile ile nanunua ila sikuliona: ROLA. Ng'ombe hana umbo la rola. Ngozi ya kweli inakuja kipande kwa kipande, ina shingo, ina tumbo, ina sehemu za miguu zimechomoza, inauzwa kwa futi za mraba na kila kipande nyuma kimeandikwa ukubwa wake kwa kalamu au muhuri. Kitu kinachokatwa kwa mita toka kwenye rola, upana sawa mwanzo mwisho, sio ngozi, hata kikinukia vipi, harufu nayo inauzwa kwenye chupa.

Cha kufanya mama: usilipie mtu anayekwambia atapuliza rangi, rangi itashika maganda na maganda yataondoka na rangi. Kama fremu haichezi na sponji bado inarudi ukiibonyeza, valisha upya, hata kwa kitambaa kizuri kizito. Hilo ni kochi zima bado, limevaa nguo mbovu tu. Na dukani rudi na lile ganda pamoja na kibandiko, ongea nao kwa utulivu lakini usikubali hadithi ya mafuta.

SWALI: Sasa fundi. Nimezunguka maduka ya sofa hapa Nairobi, moja inaniambia hii ni gredi 10, hiyo ingine gredi 30, ya tatu inasema "premium A". Bei inaruka mara mbili. Gredi ya juu ni namba kubwa ama ndogo? Na "Italian leather" ni ya ukweli? – Msomaji wa Umoja, Nairobi

JIBU: Kaka, duka moja namba kubwa ndo bora, duka la jirani namba moja ndo bora, na wote hawadanganyi, kwasababu hakuna chombo chochote duniani kinachopanga gredi za ngozi ya sofa kwa namba moja inayoeleweka kote. Zile namba ni ngazi za bei za hilo duka au hicho kiwanda cha sofa. Gredi 30 ya huyu huwezi kuilinganisha na gredi 30 ya yule.

Gredi zenye maana zipo ila ziko mbali na wewe, kule kwenye banda la ngozi. Ngozi mbichi ikifika mpangaji anaitandaza, anaangalia chapa ya moto, mikwaruzo ya miba, alama za kupe, na makosa ya kisu cha mchunaji upande wa nyama, alafu anasema hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, hii ya nne, hii tupa. Hapo Afrika Mashariki tunaumia sana, ng'ombe wetu wanatembea porini kwenye miiba, wanapigwa chapa pajani na ubavuni, mahali pale pale ambapo mtengeneza sofa alitaka kipande kikubwa kisafi. Ng'ombe wa kule kwenye baridi anayelala bandani na asiyejua kupe ni nini, ngozi yake inatoka kama karatasi.

Ila kitu cha pili ni muhimu kuliko gredi na wauzaji wengi wanakipita, nacho ni rangi imewekwaje. Kuna anilini, hiyo imezamishwa kwenye rangi ya kuloweka tu, juu haina kitu au ina kinga nyembamba sana, ukiigusa ni kama shavu la mtoto, unaona kila tundu na kila kovu. Kuna semi-anilini, imeongezewa rangi kidogo juu. Alafu kuna ya pigmenti, imepakwa rangi kamili inayofunika. Angalia mantiki yake: anilini haifichi kitu, kwahiyo zinachaguliwa ngozi chache sana zilizo safi, ndo maana bei inaenda juu. Zenye makovu zinapigwa msasa na kupakwa pigmenti. Yaani kadiri unavyopanda ngazi za bei ndo kinga inapungua! Mtu analipia gredi ya juu kabisa, anaiweka sebuleni kwenye watoto wanne na chai ya maziwa, tone moja likianguka limeingia moja kwa moja, ni doa la maisha. Kwa nyumba yenye watoto mi nitakwambia bila aibu nunua topu greini ya pigmenti, ya bei ya katikati. Anilini waachie wazee ambao watoto wameshaondoka.

Kujua, chovya kidole kwenye maji, gusa sehemu iliyofichika. Tone likizama na pakawa peusi ni anilini, likikaa juu kama kwenye jani la mgomba ni pigmenti. Omba ruhusa kwanza.

Italia: kweli Italia ni wakubwa, mji wa Arzignano kule kaskazini viwanda vyake vimejaa ngozi za sofa. Lakini maana yake mara nyingi ni kwamba imemalizwa Italia, ng'ombe mwenyewe anaweza akawa wa Brazil, ngozi ikasafirishwa ikiwa nusu imeiva, ile ya rangi ya bluu wanaita weti bluu. Hakuna ubaya wowote hapo, sema tu usilipie pasipoti. Ulaya kwenye viatu wana sheria toka 1994, ngozi ikiwa na utando wa juu unaozidi milimita 0.15 lazima iwekewe alama tofauti, ile picha ya ngozi yenye kialmasi katikati, ukigeuza kiatu cha mtumba utaiona. Sofa haina hiyo alama, kwahiyo uliza kwa mdomo na majibu yaandikwe kwenye risiti: tabaka la juu au spliti? anilini au pigmenti? na je ni ngozi kote au mbele tu? Hilo la mwisho usilisahau. Sofa nyingi za "leza" ni ngozi pale unapokalia, unapoegemea na juu ya mikono, nyuma na ubavuni ni plastiki yenye rangi ile ile. Mi sioni tatizo na hilo, nyuma ya kochi nani anakaa? Tatizo ni pale umelipia kote.

Na kama unataka kujifunza kwa macho bila kutoa shilingi, shuka Kariokor pale wanapokata ndala za ngozi, shika vipande, angalia kingo zake. Kariokor yenu na Kariakoo yetu majina yametoka sehemu moja, wale wapagazi wa jeshi la Muingereza wakati wa vita ya kwanza, sema yenu ndo imebaki na ngozi.

SWALI: Nasikia ukichoma na kiberiti, ya kweli haiwaki. Nijaribu? – Dogo wa Morogoro

JIBU: Usichome kochi la watu dogo. Ngozi inakakamaa na kutoa harufu ya nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka na kutoa moshi mchungu, hiyo kweli. Lakini bondedi ina vumbi la ngozi ndani, itanukia nywele vile vile, na ngozi ya pigmenti ina plastiki kwa juu, itayeyuka kidogo, utachanganyikiwa. Omba kipande cha sampuli, kikate kidogo na mkasi alafu jaribu kukichana kwa mikono. Bondedi inachanika kama boksi. Ngozi utavuta mpaka vidole viume, na kwenye ule mkato utaona nyuzi zimesimama kama mswaki uliochoka.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni muislamu, nimeletewa sofa toka nje kama zawadi, nina wasiwasi isije ikawa ngozi ya nguruwe. Nitajuaje? – Dada wa Tanga

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kwanza tulia kidogo, nguruwe kwenye sofa ni adimu, ngozi yake ndogo na inatumika zaidi kwenye bitana za viatu, glavu na majaketi ya swedi. Sofa karibu zote ni ng'ombe, na zingine ni nyati wale wa maji wa India na Pakistan, hao vinyweleo vyao ni vikubwa na ngozi ina mikunjo mizito.

Ila kuangalia unaweza. Chukua simu yenye kamera nzuri, vuta karibu kabisa. Nguruwe nywele zake zinaota tatu tatu, kwahiyo tundu zinakaa makundi ya matatu kama mafiga, kundi hapa, kundi pale, na katikati panabaki uwazi. Ng'ombe tundu zake ni ndogo, zimejaa zimesambaa sawasawa. Mbuzi zinakaa kwa mistari mistari. Kitu kingine, nywele za nguruwe zinapita ngozi nzima mpaka chini, kwahiyo ukigeuza upande wa nyuma tundu zile zile unaziona, ng'ombe huzioni. Hii inasaidia maana juu wanaweza kupiga nakshi ya mashine ikawa na sura yoyote, hata ya mamba, lakini nyuma hawahangaiki. Fungua zipu ya mto, geuza kidogo, angalia kwa ndani. Ukiona kitambaa, hiyo ni PU au bondedi: PU ni plastiki tupu, hamna mnyama, ila bondedi ina vumbi la ngozi ndani. Mengine ya kidini muulize sheikh wako, mi naishia kwenye tundu.

SWALI: Shikamoo fundi, mi ni fundi mwenzio mdogo, nna miaka miwili kazini. Nimepata mteja anataka kochi la watu watatu kwa ngozi yetu ya hapa hapa, sijawahi kushona ngozi. Ninunue ngozi ngapi na unene gani? Naogopa kuharibu. – Fundi wa Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kukata, wengi wanauliza baada.

Anza na hesabu ya kitambaa unayoijua. Mita moja ya kitambaa cha upana wa inchi 54 ni karibu futi za mraba 15. Lakini ngozi haina pembe nne, ina matundu na tumbo la kulegea, kwahiyo kwa kila mita hesabu futi 20. Kochi lako kama linakula mita 10, unahitaji futi 200. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni wadogo, ngozi moja mara nyingi inakupa futi 20 na ushee mpaka 30, wakati ya ng'ombe wa Ulaya inafika 50. Tuseme wastani 25, ni ngozi 8, nunua 10. Zote siku moja, rangi ya mapipa ya siku moja, ukirudi mwezi ujao kuongeza moja rangi itakucheka.

Unene tafuta milimita 1.0 mpaka 1.2. Ukipewa ya viatu ni nene, haikunji kwenye kona, cherehani yako italia. Ya mikanda ndo usiguse, ile inafika 3 au 4. Chini ya 0.8 itachanika kwenye mshono mtu mzima akijitupa. Alafu uliza imeivishwa na nini. Ile ya krome, dawa ya kiwandani, ni laini, inadondoka mkononi kama khanga iliyofuliwa sana, ndo ya makochi. Ile ya magome, miwati kama hii inayolimwa Njombe, inatoka ngumu na nzuri kwa ndala, mikanda, tandiko, kwa kochi itakupa kiti kama dawati.

Kukata sasa. Tandaza ngozi zote sakafuni, siku nzima usikate kitu, zungushia chaki kila chapa, kila tundu, kila kovu. Makovu madogo yaliyopona acha, ni uzuri, mwambie mteja mapema ili asije kusema umemuuzia ya mitumba. Yale ambayo ngozi imekonda au imepasuka yakwepe, au yaweke upande wa chini. Mgongo na makalio ya ng'ombe ni pa kukalia, hapo ngozi haivutiki hovyo. Tumbo linavutika, lipeleke nyuma ya kochi. Nilishaona fundi kakalisha watu kwenye tumbo, mwezi wa tatu mto una mabonde kama barabara ya shamba.

Usitumie pini, tundu la sindano kwenye ngozi haliponi, shika na vibanio vya nguo. Sindano iwe ya ngozi, ile ya ncha ya kukata, mshono mrefu kama milimita 4, ukishona karibu karibu unaitoboa kama stempu na itachanika kwenye mstari huo huo. Uzi nailoni au poliesta, wa pamba utaoza. Na kitu ambacho hakuna mtu aliniambia mimi: ngozi haipitishi hewa haraka, mtu akikaa mto unajaa upepo kama puto na mshono unapasuka pembeni. Kwahiyo chini ya mto weka kitambaa cha kupumua, au piga vile vitundu vya chuma nyuma. Ukisikia kochi linatoa ile sauti ya aibu mgeni akikaa, fundi alisahau hiyo.

SWALI: Mwanangu, nina kochi la ngozi alilonunua marehemu mume wangu, ngozi kweli, mwaka wa ishirini sasa. Hapa Zanzibar kila masika linaota ukungu mweupe. Nimekuwa nikilipaka mafuta ya nazi, linang'aa, kisha ukungu unarudi zaidi. – Bibi wa Malindi, Zanzibar

JIBU: Shikamoo bibi. Mafuta ya nazi ndo chakula cha huo ukungu, unaulisha kila mwaka na wenyewe unarudi na ndugu zake. Tena yanashika vumbi na yanalegeza rangi. Rangi ya viatu hivyo hivyo, itaishia kwenye makanzu ya wageni. Na jiki usiikaribishe kabisa.

Subiri siku ya jua na upepo, lisogeze karibu na mlango lakini kivulini, jua kali litalikausha na kulipausha. Futa ukungu na kitambaa kikavu ukiwa nje, usiupeperushie ndani, na kitambaa hicho kitupe. Alafu sabuni laini ya kuogea mtoto, povu tu, kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoke, futa, pita na maji safi, kausha. Liache lipate hewa siku nzima. Kisha losheni ya ngozi ya makochi, ile krimu maalum, kidogo tu, mara mbili kwa mwaka inatosha. Na lisigusane na ukuta bibi, acha nafasi ya kiganja, kuta za zamani za mawe na chokaa zinatoa unyevu, ukungu mwingi unaanzia nyuma huko usikokuona. Miaka ishirini na bado ni zima, marehemu alijua kununua, Mungu amrehemu.

SWALI: Fundi mi nina Hiace inapiga Mbagala, nataka viti nivalishe ngozi orijino ili gari iwe na heshima. Unanishaurije? – Mwenye gari

JIBU: Usifanye. Hiyo gari inapakia watu toka alfajiri, jasho, samaki wa feri, mvua ikinyesha dirisha halifungi, mtoto ana ubuyu mkononi, alafu mchana unaipaki juani. Ngozi ya kweli hapo haimalizi mwaka na utakuwa umetupa hela ya injini. Weka reksini ya PVC, ile nzito, na ndo maana mabasi mengi yanayo, sio kwamba hawajui ngozi. PVC haiogopi unyevu kama PU, unaipiga dekio na sabuni asubuhi imeisha. Shida yake ni kwamba jua likiila kwa miaka inakakamaa na kupasuka, basi unabadilisha kiti kimoja kimoja. Ukienda kununua igeuze, nyuma iwe na kitambaa cha kufumwa kilichoshikana, vuta kona zote mbili, ikirudi ilivyokuwa chukua, ikibaki na mawimbi rudisha. Na chagua rangi ya kijivu au kahawia, nyeusi saa nane mchana abiria wako watakaa wamesimama.